Jiwe Lililokunywa Mafuta

Meza yangu ya sasa ni ya plastiki, nyeupe, imenunuliwa sokoni hapa Kabambare, na ukimwaga chochote juu yake unapitisha kitambaa mara moja, imekwisha. Marehemu mke wangu Feza aliipenda kwa sababu hiyo. Alipofariki, watoto walikuja, tukazika, tukakaa matanga, halafu kila mmoja akarudi kwake, huyu Bukavu, huyu Kalemie, nami nikabaki na nyumba na meza. Asubuhi moja, chai ikiwa inapoa, nilijikuta nimeinamisha uso karibu kabisa na ile plastiki, nikiitazama kwa ubavu kuelekea mlangoni ambako mwanga unaingia, kama mtu aliyepoteza sindano. Nilikuwa natafuta alama yoyote ya mke wangu. Alikatia sombe, majani yetu ya mihogo, hapo, alichambulia mchele hapo, alilaza kichwa hapo alipochoka. Hapakuwa na kitu. Ndipo nikakumbuka kwamba namna ile ya kutazama, shavu karibu na meza na jicho moja limefumbwa, nilifundishwa na mwanamke mwingine, katika nyumba nyingine, Kasongo, mwaka nilipomaliza shule. Na kwamba katika nyumba ile palikuwa na jiwe lililoshika kila kitu, nami ndiye niliyelilazimisha liachie.

Nilikuwa nimetoka Wamaza kufanya darasa la mwisho la sekondari, nikapewa chumba cha uani kwa Mzee Sumaili, seremala, Mwislamu wa siku nyingi wa mji ule. Mimi nilikuwa Mkatoliki, na rozari yangu niliitundika kwenye msumari juu ya kitanda bila mtu kuniuliza neno. Chumba kile kilinuka maranda ya mvule, kwa kuwa kabla yangu kilikuwa stoo ya mbao, na mvua ikinyesha harufu ilizidi mpaka niliota misitu. Lakini ninachokumbuka zaidi ni chumba cha kulia. Kilikuwa na dirisha moja upande wa mashariki, rafu ya sahani za enameli, na katikati meza ambayo miguu yake aliichonga Mzee mwenyewe, na uso wake ulikuwa bamba la marumaru jeupe lenye mishipa ya kijivu. Zamani bamba hilo lilikaa juu ya kabati la kunawia katika nyumba ya Wazungu wa pamba. Walipoondoka, Mzee, aliyekuwa akiwatengenezea milango, alilichukua, wakalibeba yeye na ndugu zake wakipokezana, wakipumzika kila penye kivuli. Alizoea kusema kwamba mahari ya mkewe, ambaye wote tulimwita Mama Zaina kwa jina lake mwenyewe, haikumchosha kama jiwe lile. Mkewe alizoea kumjibu kwamba ni kweli, kwa sababu mahari hakuibeba yeye, aliibeba baba yake.

Mama Zaina alikuwa akiuza mandazi, na unga aliukanda juu ya jiwe. Alinieleza kwamba jiwe linabaki baridi hata jua likiwaka, hivyo unga hauchachuki haraka wala haung'ang'anii. Alijipaka mafuta ya mawese viganjani kabla ya kukanda, na alipomaliza, kwa kuwa magoti yake yalikuwa mabaya, aliinuka kwa kuegemea mikono yote miwili, kila siku mahali pale pale, kwenye ukingo ulio karibu na dirisha. Aliyeingia na kutoka hakuona kitu. Lakini ukiinama na kulitazama jiwe kwa ubavu, uliona vivuli viwili vya rangi ya asali, viganja na vidole, vimezama ndani kama kwamba mtu yuko upande wa chini anasukuma juu. Marumaru inaonekana ngumu, kumbe ina kiu. Inakunywa polepole kile unachoiwekea, na haisahau.

Somo langu la kwanza lilikuwa la ndimu. Tulikuwa tumekula samaki, nikakamua nusu ya ndimu, nikailaza kifudifudi juu ya meza, nikaendelea na hadithi niliyokuwa nikiwasimulia. Nilipoiinua, jiwe pale chini lilikuwa limepoteza mng'ao, duara dogo lililofifia kama jicho la mzee. Nilikimbilia majivu na mchanga ili nilisugue jinsi tunavyosugua sufuria. Mama Zaina alinishika mkono.

"Wacha, mwanangu. Uchafu unaoshwa. Hii si uchafu, ni kidonda. Ndimu imekula jiwe, na wewe unataka kuongeza mchanga juu ya kidonda?"

Kisha akanipa sheria zake zote bila kugomba. Ndimu hapana, siki hapana, maji ya mihogo iliyolowekwa hapana, kwa sababu kila kitu kichachu kinalila. Majivu na mchanga vinalikwaruza. Sufuria ya moto inakaa juu ya kata ya majani, haigusi jiwe. Kikimwagika kitu unakikausha kwa kugandamiza kitambaa, hukisambazi, halafu unapitisha maji na tone la sabuni, na unalikausha palepale kama unavyokausha mtoto. Tangu siku ile sahani yangu iliwekwa juu ya duara lile ili wageni wasilione. Akipakua alisema, hii ya Baba, hii yangu, hii kwa kidonda cha Paskali.

Somo la pili lilikuwa la mafuta, na lilileta kicheko nyumbani. Nilimwaga mchuzi wenye mawese, na nilipomaliza kufuta palibaki doa la manjano. Mama Zaina alifungua kopo la udongo mweupe, ule wanaoutafuna wanawake wenye mimba, akanituma kwa jirani mmoja Mkristo kununua lutuku kidogo, pombe yetu kali ya mihogo na mahindi. Aliuponda udongo, akauchanganya na lutuku mpaka ukawa kama uji mzito, akalipaka doa, akafunika kwa jani la mgomba. Udongo ulipokauka ulikuwa umelifyonza doa kama dawa inavyofyonza jipu. Mzee aliporudi alisimama mlangoni akinusa.

"Nani anakunywa katika nyumba hii?" aliuliza.

"Jiwe lako," mkewe alimjibu. "Limeshinda na huyu Mkristo, sasa limejifunza."

Mzee alitazama jiwe, akanitazama mimi, akasema basi angalau jiwe halitaimba. Tulicheka mpaka Mama Zaina akashika ubavu. Kuna siku ambazo mtu angetaka kuzihamia, na hiyo ni mojawapo yangu.

Ukuta kati ya chumba cha kulia na uani ulikuwa mwembamba. Nilikuwa natoka na vitabu vyangu baada ya kula, nakaa kwenye gogo la mbao, na sauti zao zilinifikia zikiwa zimechanganyika na kugongana kwa sahani. Mara nyingi waliongea mambo ya bei ya mpunga, na ya binti yao wa pekee, Mwamini, aliyeolewa Salamabila na aliyekuwa na mimba. Jioni moja nilisikia jina langu. Mama Zaina aliuliza nitakwenda wapi nikimaliza mtihani. Mzee alimaliza kutafuna kwanza. Kisha alisema, "Aende wapi? Nyumba iko kubwa. Abakie, nitamufundisha kazi ya mbao. Mutu akizoea mahali pake pa kula, anakuwa mutoto wa pale." Sikugeuza ukurasa tena jioni ile. Sikuwahi kutaka kitu kama nilivyotaka neno lile liwe kweli: kwamba nyumba ile iniite mtoto wake. Kila nilichofanya baadaye, hata ujinga, nilikifanya nikishika neno hilo mkononi.

Mama Zaina aliugua katika mvua kubwa. Homa ilimchukua haraka kuliko mtu yeyote alivyotegemea. Alizikwa siku ile ile, kama desturi yao, na Mwamini hakuweza kufika. Alikuwa amejifungua juzi tu, na barabara ya Salamabila ilikuwa tope hadi magotini. Mzee alitangaza kwamba matanga hayataondolewa mpaka binti aje. Majirani walipungua, mikeka ikakunjwa, tukabaki wawili. Tulipika vibaya kwa zamu. Tulikaa kwenye meza, yeye upande wake, mimi kwenye kidonda changu, na upande wa dirisha hapakuwa na mtu. Mzee hakulia mbele yangu. Alikula akitazama ukingo ule wa jiwe, na wakati mwingine aliinama akafumba jicho moja, akakaa hivyo mpaka wali ulipopoa. Nilijaribu kuanzisha hadithi, zikafia njiani. Nilikuwa kijana, nilidhani kimya ni ugonjwa na mtu akikaa nao ni kwa sababu hajapata dawa.

Kwetu Wamaza, katika ukoo wetu, mtu akifa vyombo vyake havioshwi na ndugu zake wa damu. Ni jirani au mgeni anayeviosha kabla ndugu hawajakusanyika kuondoa matanga, ili wasikutane na jasho la marehemu likawatia homa ya huzuni. Ni kazi ya heshima. Anayeifanya huhesabiwa mtu wa nyumba. Nilikuwa nimewaona watu wazima wakishukuriwa kwa ajili yake. Sikumwuliza mtu yeyote kama katika nyumba ya Mzee Sumaili desturi ni hiyo. Hilo ndilo kosa langu, na nimekuwa na muda wa kutosha kulizunguka na kulitazama kila upande: si kwamba sikujua, ni kwamba sikuuliza, kwa sababu nilitaka iwe zawadi.

Jua liliporudi na barabara kukauka, Mzee alikwenda Salamabila kumchukua Mwamini. Mlango ulipofungwa nyuma yake nilitoa kopo la udongo mweupe. Nilinunua lutuku ya kutosha mpaka jirani akaniuliza kama nimeachwa na mchumba. Nilipaka ukingo wote wa jiwe upande wa dirisha, nikafunika kwa majani ya mgomba, nikangoja. Mara ya kwanza vivuli vilififia tu. Nikapaka tena, na tena, kila siku nikirudi kutoka shule nikibandua udongo uliokauka, ambao ulikuwa umegeuka rangi ya asali, nikautupa uani. Ndiyo, niliutupa uani, kuku waliuparua. Niliosha jiwe kwa sabuni kidogo, nikalikausha kama alivyonifundisha, bila mchanga, bila majivu, bila kosa lolote la mikono. Siku ya mwisho niliinama, nikatazama kwa ubavu. Lilikuwa jeupe kutoka ukingo hadi ukingo, isipokuwa kidonda changu cha ndimu, ambacho hakuna udongo unaoweza kukitoa. Nilijisikia mtu mzima.

Walifika mchana, Mwamini akiwa na mtoto mgongoni, uso wake umejaa vumbi. Alinisalimia kwa adabu, lakini hakukaa wala hakuomba maji. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza, upande wa dirisha, akapiga magoti. Mzee alimfuata na birika la maji. Wakati ule ndipo nilipoanza kuelewa, nikiwa nimesimama na kitambaa mkononi. Katika nyumba ile binti ndiye anayeosha. Anaweka mikono yake mahali pa kazi pa mama yake, baba anamwagia maji juu ya mikono, na maji yakidondoka chini matanga yamekwisha. Mwamini alinyoosha viganja vyake, akavishikilia hewani juu ya jiwe. Kisha akainama, shavu karibu na meza, jicho moja limefumbwa. Tulikuwa tumefundishwa na mtu mmoja.

"Mikono ya mama iko wapi?" aliuliza.

Nilimwambia nimeisafisha. Nilimwambia, yaya, dada yangu, nimeitoa yote, na hata wakati huo sauti yangu ilikuwa bado inangoja kushukuriwa.

"Nani alikutuma?" alisema, bila kunitazama. "Sasa mimi nitanawa wapi?"

Mzee aliweka birika chini taratibu. Alipitisha kiganja juu ya jiwe jinsi alivyokuwa akipima mbao iliyopigwa randa, mara moja kwenda, mara moja kurudi. "Umesafisha muzuri, mwanangu," alisema, akatoka kwenda kwenye karakana yake. Hakulisema kwa hasira. Ningeweza kuishi na hasira yake. Mwamini hatimaye alinawa uani, kwenye beseni, mtoto akilia, na majirani walisema matanga yameondoka, lakini sisi watatu tulijua yamehamia ndani.

Nilibaki mpaka matokeo ya mtihani yalipotoka. Mzee aliniwekea chakula kila siku, sahani juu ya duara, lakini yeye alihamishia sahani yake nje, kwenye benchi la kuchongea. Alisema ndani kuna joto. Asubuhi ya matokeo nilifunga nguo zangu, nikatoa rozari kwenye msumari, nikaaga nikiwa nimesimama. Hakuniambia nibaki, nami sikumwambia kwamba nilisikia maneno yale kupitia ukutani. Nilipata kazi ya kuandika hesabu kwa mnunuzi wa kahawa Kabambare, nikaoa, nikazaa. Kasongo nilikwenda mara nyingi kwa shughuli, na kila mara nilipita mtaa wa mbali.

Kiangazi cha mwaka uliofuata kuondoka kwangu, mmoja wa wale vijana wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya mpunga alisimama mlangoni pangu na ujumbe. "Mzee Sumaili anakusalimia. Anasema ukuje uone jiwe." Nilimpa maji ya kunywa. Moyoni nilikuwa nimeshatafsiri: uje uone ulichoharibu, uje mbele ya ukoo, wazee wamekaa, na mbuzi wa faini. Nilimwambia kijana amjibu kwamba kazi ni nyingi, nitakuja. Nilikuwa na mke mchanga ambaye aliniuliza ni nani huyo Mzee, nikamjibu ni mwenye nyumba wa zamani. Baadaye nikasikia amefariki. Hata kwenye matanga yake sikwenda.

Basi baada ya ile asubuhi ya meza ya plastiki nilipanda nyuma ya pikipiki, mzee kama mimi, nikimshika kiuno kijana nisiyemjua mpaka Kasongo. Nyumba ilikuwa na bati jipya. Mwanamke mzee alikuwa mlangoni akichambua mchele kwenye ungo. Alitua ungo, akanitazama. Alikuwa Mwamini, ni mjane sasa. Salamabila ilipomshinda alirudi kwa baba yake, na anauza mandazi.

"Paskali wa ndimu," alisema. "Umechelewa kula."

Alinipisha niingie. Rafu ilikuwa ile ile, dirisha lile lile, na meza ilisimama mahali pake. Aliniambia niiname. Magoti yangu hayataki siku hizi, lakini niliinama, shavu karibu na jiwe, nikafumba jicho. Kwenye ukingo wa upande wa dirisha kulikuwa na viganja viwili vya rangi ya asali.

Nilimwuliza kama ni vyake mwenyewe. Alitikisa kichwa. Aliniambia kwamba vilirudi kiangazi kile cha mwaka uliofuata, kidogo kidogo, joto lilipozidi. Kwamba udongo hufyonza mafuta ya juu tu, na yaliyoshuka chini kabisa hungoja jua, kisha yanapanda. Baba yake ndiye aliyeviona kwanza. Alirudisha sahani yake ndani siku ile ile, akaita majirani waje watazame, akamtafuta mtu wa baiskeli anayekwenda Kabambare.

"Nilifikiri ananiita kwenye kesi," nilisema.

"Kesi gani?" Aliniangalia kama mtu anayemwonea mwingine haya. "Alitaka uone. Alisema mutoto anatembea na uzito ya bure. Akangoja. Kila pikipiki ikilia, kila baiskeli ikisimama, anainua kichwa."

Alieleza tu kwamba tangu aanze kukanda hapo amekuwa akiinuka kwa kuegemea mahali pale pale, magoti yakiwa ya mama yake, na sasa hata yeye hajui vile vivuli ni vya nani. Kisha akazunguka meza, akaweka kidole upande mwingine. Duara langu lilikuwapo, limefifia, dogo kama nusu ya ndimu.

"Na hapa," alisema, "baba hakukubali mutu aweke sahani. Wageni wakikuja wanavuta kiti, anawaambia: hapana, kaa kule. Hapa iko mutu."

Alinipakulia wali na maharagi. Yeye alikuwa amekwisha kula. Aliweka sahani juu ya duara, akarudi mlangoni kwenye ungo wake, nikasikia mchele ukianza kupepetwa tena. Niliisogeza sahani kidogo, nikagusa mahali pale kwa kidole. Palikuwa pakavu, pasafi, hapana hata vumbi. Mtu amekuwa akipafuta miaka yote hii. Kisha nikairudisha sahani, nikala, mbele yangu kiti cha Mzee kikiwa tupu.